Mwili Uliobaki Herufi Moja

Katika Kiholanzi cha leo, lijk ni maiti. Ni neno fupi na kavu, la polisi, la madaktari wa mochari na la waandishi wa riwaya za upelelezi. Lakini neno hilohilo limejibanza pia mwishoni mwa mamia ya maneno yasiyo na msiba wowote: natuurlijk, yaani "bila shaka", eigenlijk, "kusema kweli", mogelijk, "yawezekana", vriendelijk, "mwenye urafiki". Humo mwishoni halitamkwi kama lile la maiti. Tahajia ni moja, ila sauti imefifia ikawa kitu cha kati ya "lek" na "luk", vokali yake ikiwa imelegea hata mdomo haujisumbui kuipa umbo.

Sasa kaa nyuma ya Waholanzi wawili ndani ya treni ya kutoka Utrecht kwenda Amsterdam, utege sikio. Hata hiyo silabi iliyofifia hutaipata. Natuurlijk, neno la herufi kumi, linatoka "tuuk", kwa u inayotamkwa midomo ikiwa imechongoka kama ya mtu anayepiga mluzi. Eigenlijk linatoka "eik". Mogelijk linatoka "mok". N imeliwa, r imeliwa, l imeliwa, na ile g ya kukwaruza koo, ambayo wageni huiona ndiyo nembo ya Kiholanzi, nayo imeliwa. Kilichosalia mwishoni ni k peke yake.

Wapo wanaouita huo uvivu wa ulimi. Mimi naona ni historia, tena historia iliyoanza kabla Uholanzi haijawa nchi.

Twende mbali kidogo. Katika karne ya 4 askofu mmoja aitwaye Wulfila, aliyeishi na watu wake kusini ya mto Danube, mahali ambapo leo ni Bulgaria, alitafsiri Biblia kwa Kigothi. Lugha hiyo ilikufa bila kuacha mtoto, lakini ni shangazi wa Kiholanzi, Kijerumani, Kiingereza na Kiswidi, na ndiyo ya kwanza katika ukoo huo kutuachia maandishi marefu. Nakala yake mashuhuri kuliko zote iliandikwa mwanzoni mwa karne ya 6 kwa wino wa fedha na dhahabu juu ya ngozi iliyotiwa rangi ya zambarau. Humo, pale Mathayo anapolinganisha jicho na taa ya mwili, mwili unaitwa leik. Si maiti. Ni mwili tu, wenye damu na pumzi.

Wagothi walilitumia neno hilo kuundia maneno mengine. Walipotaka kusema "wa namna ile" walisema swaleiks, "mwenye mwili wa vile". Walipotaka kuuliza "wa namna gani" walisema hwileiks, "mwenye mwili gani". Fikra yenyewe haina ugumu: ukitaka kujua kitu ni cha aina gani, tazama umbo lake. Ndugu zao waliokaa karibu na mahali mto Rhine unapoingia baharini, kwenye nyanda ambazo zingekuja kuitwa Uholanzi na Flandria, walikuwa na maneno ya muundo huohuo. Karne zikapita. Maneno hayo yalisemwa kila siku, sokoni, shambani, kando ya moto, na kila yaliposemwa yalilika kidogo, kama ngazi ya mawe inavyolika kwa nyayo. Hati za karne ya 13 zinapotufikia, "mwenye mwili wa vile" amekuwa sulc, na "mwenye mwili gani" amekuwa welc. Leo yanaandikwa zulk na welk. Mholanzi anayasema mara mia kwa siku bila kuhisi kwamba ametaja mwili wa mtu, na hakuna mwalimu anayemkosoa kwa kuyakatiza, kwa sababu hakuna anayekumbuka kwamba yamekatizwa.

Waingereza, ambao ni jamaa wa karibu, walikwenda mbali zaidi. Kwao maneno hayo mawili yakawa such na which. Hata l haikupona. Na kile kiambishi cha mwisho ambacho Waholanzi wanakiandika -lijk, Waingereza walikidondoshea k wakabaki na -ly. Waholanzi wa leo wanaishikilia k na kudondosha mengine yote. Ndugu wawili wamerithi ng'ombe mmoja, huyu akaondoka na kichwa, yule na mkia.

Waandishi wa Zama za Kati hawakuionea aibu midomo yao. Hapakuwa na kamusi wala wizara ya elimu, na kila mji uliandika ulivyosikia. Dat es, "hiyo ni", iliandikwa dats. Kiambishi chetu utakikuta kimeandikwa -lijc, -lic, na mara nyingine -lec, dalili kwamba vokali ilikuwa imeshachoka. Hata majina ya mahali yalipunguzwa wino ukiwa bado mbichi. Mji ambamo serikali ya Uholanzi hukaa uliitwa des Graven Hage, "ua wa graaf", yule kabaila aliyetawala jimbo la Holland. Neno des likaliwa hadi ikabaki s, ikaandikwa 's-Gravenhage, na ile alama ya ritifaa mbele ya s ni kama kaburi dogo la herufi mbili. Watu wakaona hata hilo jina ni refu mno. Wakasema Den Haag. 's-Hertogenbosch, "msitu wa mtemi", ukawa Den Bosch. Na kando ya mto Merwede uko mji unaoandikwa Gorinchem. Ukiutaja kwa herufi zote hizo watakujua mgeni, maana wenyewe husema Gorkum.

Vivyo hivyo adabu. Als het u belieft ilikuwa sentensi nzima, "ikikupendeza". Leo ni alstublieft, na kwa mtu uliyemzoea asjeblieft, l ya mwanzo ikiwa imeachwa njiani. Sisi tunaosema "shikamoo" bila kumshika mtu miguu hatuna la kuwacheka.

Lakini konsonanti iliyopata misukosuko mikubwa kuliko zote ni d. Ikikaa kati ya vokali mbili, Waholanzi wa mwishoni mwa Zama za Kati waliiachia kwa wingi. Broeder, "kaka", ikawa broer. Weder, "tena", ikawa weer. Goede, "njema", ikawa goeie, na oude, "ya zamani", ikawa ouwe. Msomaji wa Kiswahili asione ni mambo ya Ulaya tu: inzira ya Wanyarwanda kwetu ni njia, na umuntu wao kwetu ni mtu. Kuna konsonanti tuliyoidondosha zamani, na vokali pia, na leo hatuoni pengo.

Ndipo wakaja wasahihishaji. Mwaka 1584 chama cha washairi cha Amsterdam kilitoa Twe-spraack, sarufi ya kwanza ya Kiholanzi kuchapishwa, iliyoandikwa kama mazungumzo ya marafiki wawili, Roemer na Gedeon. Inaaminika mwandishi wake ni Hendrik Laurensz. Spiegel, aliyekuwa mfanyabiashara. Mwaka uliofuata Antwerp iliangukia mikononi mwa Wahispania, na wakimbizi kwa maelfu wakaelekea kaskazini na pesa zao, ufundi wao na lafudhi zao. Amsterdam ikajaa matamshi ya kila aina. Gerbrand Bredero, mtoto wa fundi viatu, aliyezaliwa mjini humo mwaka huohuo wa 1585, aliichukua vurugu hiyo akaipandisha jukwaani. Tamthilia yake ya 1617, Spaanschen Brabander, inamkutanisha bwana mmoja wa Antwerp, mwenye majivuno na mifuko mitupu, na watu wa mitaani wa Amsterdam, na kila mmoja anasema kwa kinywa chake. Ni moja ya sehemu chache za karne ile ambapo tunasikia Kiholanzi cha vichochoroni kikisemwa kwa sauti. Bredero alikufa mwaka 1618 akiwa na miaka 33.

Mwaka huohuo wa 1618, katika mji wa Dordrecht, ilianza sinodi kubwa ya kanisa la Kiprotestanti, na moja ya maamuzi yake lilikuwa kwamba Biblia itafsiriwe upya kutoka lugha za asili. Kazi hiyo ilichapishwa 1637. Watafsiri walitaka lugha itakayosomeka Groningen na Zeeland vilevile. Kwa hiyo waliepuka umbo fupi la mtaa mmoja wakapendelea umbo refu lililojaa. Nyumba baada ya nyumba, kitabu hicho kilisomwa kwa sauti baada ya chakula, na kila jioni masikio ya watoto yalifundishwa kwamba Mungu hasemi weer, husema weder.

D zilizokufa zikafufuliwa. Na hapa pana jambo ninalolipenda kuliko yote katika habari hii: wasahihishaji walipitiliza. Kwa hofu ya d iliyomezwa, waandishi walianza kuitia pale ambapo haikuwahi kuwako. Vlien, "kukimbia hatari", ikageuzwa vlieden. Kastien, "kuadhibu", iliyotoka Kilatini ambako hakuna d yoyote, ikawa kastijden. Geschien, "kutukia", ikawa geschieden. Ni kama mtu aliyechekwa kwa kusema "abari" na "apana", akarudi nyumbani akaanza kuandika "hasubuhi" na "hishirini". Tofauti ni kwamba makosa ya waungwana wale yalishinda. D hizo za bandia leo ni Kiholanzi sanifu, zimo kamusini, na mtoto akiziacha anakatwa alama.

Mahali pengine kalamu na mdomo viligawana mali. Broer leo ni kaka wa tumbo moja, na broeder ni mtawa au muuguzi wa kiume. Goede unaiandika, goeie unaisema.

Sasa tugeuke kusini, maana wakati wasahihishaji wanashughulika na d zao, meli zilikuwa zikipakia watu ambao wasingeketi kamwe mbele ya kitabu cha sarufi. Tarehe 6 Aprili 1652 Jan van Riebeeck alitia nanga kwenye Rasi ya Tumaini Jema kwa niaba ya Kampuni ya Uholanzi ya Mashariki ya India. Kiholanzi kilichoshuka naye kilikuwa cha mabaharia na askari. Wakakiokota Wakhoikhoi wenyeji, na watumwa walioletwa kutoka India, visiwa vya Indonesia, Madagaska, Msumbiji na pwani yetu ya Afrika Mashariki. Watu waliojifunza kwa masikio, chini ya amri, bila karatasi. Tazama kilichotokea baada ya vizazi vichache. Nacht, "usiku", ikawa nag. Kust, "pwani", ikawa kus. Regen, "mvua", ikawa reën, na vogel, "ndege", ikawa voël. Zeggen, "kusema", ikapungua hadi sê, konsonanti moja na vokali moja, na kazi inafanyika vilevile.

Wanazuoni wangali wanabishana ni kiasi gani cha mabadiliko hayo kilitoka kwa wageni waliojifunza lugha ukubwani, na kiasi gani kilikuwa tayari vinywani mwa mabaharia. Nionavyo mimi, ubishi huo husahau jambo la tatu. T ya mwisho hudondoshwa Amsterdam pia. Niet, "siyo", husikika nie kila kona. Tofauti ni kwamba Rasi ilikuwa mbali na wasahihishaji. Kule Ulaya kila kilichoanguka kiliokotwa na mwalimu, kikapanguswa vumbi na kurudishwa kabatini. Huku kiliachwa chini.

Na waliokiandika kwa bidii kwanza jinsi kilivyosikika hawakuwa Wazungu. Waislamu wa Cape Town, wengi wao wazao wa watumwa na wafungwa kutoka Asia, walikuwa na madrasa tangu mwishoni mwa karne ya 18, wakati Tuan Guru, mwanachuoni kutoka kisiwa cha Tidore, alipotoka kifungoni Robben Island akaanza kusomesha. Wanafunzi walinakili masomo yao kwa hati za Kiarabu, awali kwa Kimalei, baadaye kwa lugha ya nyumbani, ambayo ndiyo Kiafrikaans. Mwaka 1863 akafika Abu Bakr Effendi, mwanachuoni aliyetumwa na dola ya Uthmaniya kusuluhisha magomvi ya kidini ya Waislamu wa Rasi. Alijifunza lugha ya mitaani akaiandikia kitabu cha fikihi, Bayan al-Din, kilichopigwa chapa Istanbul mwaka 1877. Hakuwa na tahajia ya Kiholanzi kichwani iliyomwambia mahali t ilipopaswa kuwa. Aliandika alichosikia, akaweka na irabu juu na chini ya kila herufi. Yeyote aliyepata kuona tenzi zetu za zamani katika hati ya Kiarabu atatambua nidhamu hiyo: hati inayolazimika kusikiliza kwa sababu haina mazoea ya kuegemea. Kwa mwanahistoria wa matamshi, kitabu cha kutawadha na kuswali kimekuwa hazina kuliko barua nyingi za magavana.

Wazungu wa mji wa Paarl walianzisha chama chao cha kuitetea lugha hiyo mwaka 1875, na mwaka 1925 bunge la Afrika Kusini likaifanya lugha rasmi. Yaliyofuata, hadi risasi za Soweto tarehe 16 Juni 1976 baada ya wanafunzi kukataa kulazimishwa kuisomea, yanajulikana. Sisi wa Afrika Mashariki nasi tuliisikia mlangoni: mwaka 1908 msafara wa Makaburu ulioongozwa na Jansen van Rensburg ulipanda kutoka Nakuru kwa magari ya ng'ombe hadi nyanda za Uasin Gishu. Mji uliochipuka huko, kabla ya kuitwa Eldoret, ulijulikana kwa namba ya shamba lake kwa Kiingereza, 64. Wenyeji waliitafuna namba hiyo wakaifanya Sisibo. Kwa hiyo walaji konsonanti nao waliliwa.

Turudi Uholanzi, na kwenye ile ngozi ya zambarau. Mwaka 1648 askari wa Uswidi waliiteka nyara Prague, na Biblia ya Kigothi ikiwamo. Kutoka maktaba ya malkia wa Uswidi ikachukuliwa na msomi Isaac Vossius, akaipeleka Uholanzi, na mjomba wake Franciscus Junius akaichapisha mwaka 1665. Alichapisha wapi? Dordrecht, mji uleule wa sinodi. Karibu nusu karne baadaye, mwaka 1710, Lambert ten Kate wa Amsterdam alitoa kijitabu kilicholinganisha Kigothi na Kiholanzi, sauti kwa sauti, akaonyesha kwamba mabadiliko hayakuwa fujo. Yalikuwa na kanuni. Sasa Mholanzi aliweza kuziweka leik na lijk pamoja akaona ni mtu mmoja katika nguo mbili.

Wajerumani wa Leipzig katika miaka ya 1870 waliichukua fikra ya kanuni wakaikaza: sheria za sauti, walisema, hazina msamaha kwa neno lolote. Hugo Schuchardt, aliyekuwa akifundisha Graz, aliwajibu kwa kijitabu cha 1885. Hoja yake ilikuwa ya mtu anayesikiliza watu: neno linalosemwa sana huchakaa mapema, neno la nadra huchelewa. Hakuwa na namna ya kulithibitisha jambo hilo kwa vipimo. Alihitaji mazungumzo mengi, ya kawaida, yaliyonaswa jinsi yalivyosemwa.

Kifaa cha kunasia kilikuja kwa hatua. Moja ya hatua hizo ilikuwa ya Waholanzi wenyewe: kampuni ya Philips ilionyesha kaseti ndogo ya sauti mjini Berlin mwaka 1963, kaseti ileile iliyokuja kujaza taarabu na hotuba za masheikh katika kila duka la pwani. Tangu hapo sauti ya mtu wa kawaida iliweza kubebwa mfukoni. Hata hivyo watafiti wa matamshi waliendelea kwa muda mrefu kuwakalisha watu mbele ya orodha za maneno, na mtu anayesoma orodha hutamka kama yuko kanisani.

Katikati ya miaka ya 1990 Mirjam Ernestus, mtafiti kijana, alifanya kinyume. Aliwakalisha wanaume ishirini wa magharibi ya Uholanzi, wawili wawili, kila jozi dakika 90, akawaacha wapige soga: vipindi vya televisheni, kuwa baba, kusafiri kwa ndege. Kisha akawapa mchezo wa kuigiza wakivutana bei ya vifaa vya kambi. Walikuwa watu wa chuo kikuu, si wa vijiweni, na hilo lina uzito wake, maana ilizoeleka kudhani kwamba kula maneno ni tabia ya wasiosoma. Tasnifu yake ilitoka mwaka 2000, na ndani yake wasomi hao walikuwa wakila maneno kwa namna ambayo hakuna sarufi iliyokuwa imeieleza. Kati ya 1998 na 2004 Waholanzi na Waflandria kwa pamoja walikusanya hazina kubwa zaidi ya mazungumzo, maneno karibu milioni tisa. Mwaka 2005 Ernestus na wenzake walichota humo maneno yenye -lijk na kuyapima. Wanaume wa Uholanzi walikatiza kuliko wote. Wanawake wa Flandria wenye elimu ya juu walikatiza kwa uchache kuliko wote. Neno likikaa mwisho wa sentensi lilisalimika zaidi. Neno ambalo lile lililotangulia lilikuwa limeshalibashiria lilipunguzwa zaidi. Schuchardt angefurahi.

Linabaki swali la msikilizaji. Mtu anaelewaje "eik"? Jaribio lililochapishwa mwaka 2002 liliwasikilizisha Waholanzi maneno yaliyoliwa, yakiwa yamekatwa kutoka kwenye mazungumzo. Neno likiwa peke yake, walilitambua mara 52 kati ya 100, na hao ni wenye lugha. Lilipowekwa ndani ya sentensi yake, walilitambua mara 92. Miaka miwili baadaye likaja jaribio jingine ambalo kwangu ndilo kiini cha yote. Wasikilizaji waliambiwa wabonyeze kitufe kila wasikiapo l. Wakachezewa maneno ya -lijk yaliyokatizwa kabisa, yasiyo na l hata chembe. Yalipokuwa peke yake, hawakuisikia l. Yalipokuwa ndani ya sentensi, walibonyeza. Waliisikia konsonanti ambayo hakuna aliyeitamka.

Kwa hiyo mwili wa Wulfila bado unahesabiwa, ijapokuwa uko masikioni mwa anayesikiliza na si mdomoni mwa anayesema. Hili ndilo linalomtesa mgeni. Mkimbizi aliyejifunza eigenlijk darasani, silabi tatu, hana hazina hiyo ya masikio. Anasikia "eik" kwenye foleni ya duka, anahisi ameibiwa neno alilolilipia kwa miezi.

Waliopima maneno yale mwaka 2005 walitoa hukumu yao: maneno ya -lijk yanayosemwa sana yanalika, na yanaelekea kuwa maneno madogo ya kisarufi yasiyo na viungo ndani yake. Ni njia ileile iliyopitwa na zulk na welk. Wakati ule hapakuwa na tahajia ya kuizuia, na mwandishi wa karne ya 13 aliandika alichosikia. Safari hii ipo. Ukifungua kamusi ya Kiholanzi leo ukatafuta eik, utalikuta, na maana yake ni mti wa mwaloni.